Kabla hatujaisifu Kigali kwa baiskeli zake

Makamanda, Machi 2025 grupu letu la mkoa lilijaa picha za Tour du Rwanda. Mfaransa Fabien Doubey kashinda, vilima vimejaa watu, lami inang'aa. Picha hazina tatizo, hata mimi nimezifurahia. Tatizo ni maneno yaliyoandikwa chini yake, kwamba kumbe nchi inaweza kwenda bila hii demokrasia tunayoililia. Na walioandika ni vijana wetu, hao hao waliodai mageuzi ya sheria za uchaguzi kabla ya Oktoba 2025.

Hebu tuisome historia ya mbio zenyewe. Zilianza 1988, zikiwa za vilabu vya Rwanda na majirani. Vita na mauaji ya kimbari ya 1994 vikavunja kila kitu. Ziliingia kwenye kalenda ya UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, mwaka 2009, na kwa miaka mitano hakuna Mnyarwanda aliyeshinda. Walikuwa wanafundishwa kwanza. Mmarekani Jonathan Boyer, aliyewahi kushiriki Tour de France, alikuwa ameshaanza kukusanya vijana na kuwapa baiskeli za maana na mazoezi. Mmoja wao, Adrien Niyonshuti, aliyepoteza ndugu zake kwenye mauaji ya kimbari, ndiye aliyebeba bendera ya nchi yake Olimpiki ya London 2012. Kisha 2014 Valens Ndayisenga akashinda nyumbani, na hadi 2018 taji halikutoka Rwanda: Nsengimana, Ndayisenga tena, Areruya, Mugisha.

Mwaka 2019 mbio zikapandishwa daraja, timu kubwa za Ulaya zikaja na pesa zake. Tangu hapo hadi 2025 hakuna Mnyarwanda aliyelichukua taji. Yaani wakati wa mavuno yao ni ule walipowekeza kwenye watu. Siku hizi kilichokua zaidi ni tangazo la utalii.

Sasa hiyo inahusianaje na kufunga wapinzani? Haihusiani. Eritrea nao ni wababe wa baiskeli, wana mbio zao zilizoanza 1946, na mwaka 2024 Biniam Girmay alivaa jezi ya kijani hadi mwisho wa Tour de France. Tangu wapate uhuru 1993 hawajawahi kufanya uchaguzi mkuu. Kuna atakayeniambia miguu ya Girmay imetokana na kukosa sanduku la kura? Na hiyo Tour de France, iliyoanza 1903, inafanyika nchi ambayo watu wanaandamana mpaka katikati ya njia ya mbio. Mwaka 1982 wafanyakazi wa kiwanda cha chuma waliokuwa wanapigania ajira waliziba barabara, hatua nzima ikafutwa. Mbio hazikufa.

Mimi nasoma sheria, nivumilieni kidogo. Ibara ya 20 ya Katiba yetu inatupa haki ya kukutana kwa amani. Mikutano ya hadhara ilizuiwa 2016, ikaruhusiwa tena Januari 2023 kwa tamko, kama vile ni zawadi. Mtu aliyepitia miaka hiyo anawezaje kutamani barabara ambayo raia anaruhusiwa kusimama kando kupiga makofi tu?

Halafu kuna Goma. Mbio za 2025 zilipita Rubavu, mji unaopakana na Goma, ambayo M23 waliiteka Januari 2025. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema jeshi la Rwanda liko nyuma ya M23, Kigali inakana. Jeshi letu lilitangaza kupoteza askari wawili huko. Timu ya Soudal Quick-Step ya Ubelgiji ilikataa kwenda, na Bunge la Ulaya lilitaka mashindano ya dunia ya Septemba 2025 ya Kigali yafutwe kama Rwanda haitabadili msimamo. Sisi tuliozika tunabandika kopakopa.

Simaanishi tusitake mbio. Nazitaka kuliko nyie! Nani ana haki ya kuzidai kama sio Tanga? Hapa baiskeli si mchezo wa wikiendi, ni mama aliyevaa baibui anakwenda sokoni, ni fundi, ni mwanafunzi. Hatua ya tambarare ipo, Tanga kwenda Muheza hadi Korogwe. Hatua ya mlima ipo, Mombo kwenda Lushoto, kilomita thelathini na ushee, kona juu ya kona, unapanda karibu mita 1,000. Hao wanaotamba na vilima vya Kigali waje wapande Lushoto.

Ila tuanze walipoanzia wenzetu, kwa waendeshaji. Wenyeviti wa kata mnaokusanya maoni ya ilani za udiwani, naomba iandikwe njia ya baiskeli kwenye kila barabara mpya ya mjini, na iandikwe klabu moja ya vijana kila kata, wasichana wakiwemo. Bajeti ya halmashauri ni waraka wa umma, ulizieni fungu la michezo limekwenda wapi. Mkinyimwa majibu nileteeni barua ya kukataliwa, nitawasaidia kuandika inayofuata.