Kimondo cha Mbozi chahitaji ramani kabla ya matangazo

KILA siku malori na mabasi hupita katika barabara kuu ya Tanzania na Zambia kuelekea mpakani Tunduma. Wengi wa wasafiri huvuka Wilaya ya Mbozi bila kufahamu kwamba, nje ya barabara hiyo, katika kijiji cha Ndolezi, kipo kimondo kinachokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16, ambacho ni miongoni mwa vikubwa kabisa duniani.

Kimondo hicho, ambacho sehemu yake kubwa ni chuma, kilitambuliwa rasmi mwaka 1930. Hata hivyo, umaarufu wake haujalingana na ukubwa wake. Sababu mojawapo ni ya kiutawala. Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, lakini orodha nyingi za utalii katika intaneti bado hukitaja kimondo kuwa kiko Mbeya. Mgeni anayetafuta vivutio vya Songwe hukuta ukurasa mtupu.

Hapo ndipo ramani za kidijitali zinapoweza kusaidia kwa gharama ndogo. OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, humruhusu mtu yeyote kuingiza njia, kibao au nyumba ya wageni. Mfano upo nchini: kuanzia mwaka 2015, kupitia mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa Dar es Salaam walichora mitaa yao inayokumbwa na mafuriko. Vijana wa Vwawa na Tunduma wanaweza kufanya vivyo hivyo kwa kimondo, kwa chemchemi za majimoto za bonde la Mto Songwe na kwa fukwe za Ziwa Rukwa.

Hata hivyo, alama katika simu si barabara. Ramani inayomfikisha mgeni mahali pasipo na maji, choo wala mwongozaji humrudisha akiwa na malalamiko, nayo malalamiko husambaa upesi kuliko sifa. Tena, eneo likijulikana bila ulinzi, urithi wenyewe huwa hatarini.

Kwa hiyo halmashauri hazina budi kwenda na hatua mbili kwa pamoja: kusahihisha ramani na kuandaa huduma. Vinginevyo, Tunduma itaendelea kuwa mji wa kupita, na fedha za wasafiri zitaishia ng'ambo ya mpaka.