Picha Bila Isnadi: Maoni Kuhusu Vyanzo vya Picha za Zanzibar Katika Hifadhi za Mtandaoni

Utangulizi

Katika tasnifu za wanafunzi wetu wa uzamili umezuka mtindo wa kuandika chini ya picha maneno mawili tu: "Chanzo: Intaneti." Mwanafunzi huyo huyo, anaponukuu ubeti wa Muyaka bin Haji, hathubutu kuandika "Chanzo: Maktaba." Anajua kwamba msimamizi wake atamrudishia kazi. Atataja mhariri, mwaka na ukurasa. Akiwa makini zaidi, atatukumbusha kwamba tungo hizo zimetufikia kwa juhudi za Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa, aliyezikusanya pamoja na William Taylor, na za William Hichens, aliyezichapisha mwaka 1940. Huo ni mnyororo wa wapokezi, na wanazuoni wa pwani yetu wana jina lake la siku nyingi: isnadi. Neno hufika kwetu likiwa na nasaba yake. Picha huja yatima, nasi twaipokea bila kuiuliza wazee wake.

Makala haya yanakusudia kutetea hoja moja. Picha isiyo na isnadi haifai kuwa ushahidi, na mtu anayeipakia katika hifadhi ya mtandaoni bila kutaja ilikotoka hatoi sadaka ya elimu, bali anaipunguza elimu iliyokuwapo. Mifano yetu itatoka Mji Mkongwe wa Zanzibar, kwa sababu ni miji michache ya Afrika Mashariki iliyopigwa picha mapema na kwa wingi kama huo.

Kadi za posta na tatizo la tarehe

Kuanzia miongo ya mwisho ya karne ya 19, Mji Mkongwe ulikuwa na studio za wapigapicha wenye asili ya Goa. A. C. Gomes na J. B. Coutinho ni miongoni mwa majina yanayojulikana zaidi. Baadaye, mwaka 1930, Ranchhod Oza alianzisha Capital Art Studio, na kazi yake ikaendelezwa na mwanawe, Rohit Oza. Studio hizi ziliwapiga picha masultani, wafanyabiashara, wanawake waliovaa kanga, mitaa na bandari. Picha nyingi za zamani kabisa ziligeuzwa kuwa kadi za posta na kuuzwa kwa wasafiri.

Hapo ndipo matatizo ya mtafiti yanapoanzia. Negativu moja iliweza kutumika kwa miaka mingi, na picha moja iliweza kutolewa na wachapishaji tofauti kwa maelezo tofauti. Mwaka wa muhuri wa posta si mwaka wa kupigwa kwa picha. Wala maelezo yaliyochapwa pembeni si maneno ya aliyepigwa picha. Ni maneno ya mfanyabiashara aliyetaka kadi yake inunuliwe. Mwanamke aliyekuwa na jina, ukoo na mtaa aligeuzwa kuwa "mrembo wa Kiswahili", na jina hilo la dukani ndilo linalonakiliwa leo kutoka hifadhi moja hadi nyingine.

Je, kuna hasara gani? Tuchukue suala la mavazi. Amri ya kufuta hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba ilitolewa mwaka 1897. Laura Fair, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2001, ameonyesha jinsi watu waliotoka utumwani walivyotumia mavazi, ikiwemo kanga, kudai nafasi mpya katika jamii. Kwa hoja ya namna hiyo, kujua kama mwanamke aliyevaa kanga alipigwa picha kabla au baada ya 1897 si jambo la urembo wa ukurasa. Ndiyo hoja yenyewe. Picha iliyopigwa mapema, kisha ikachapwa kwenye kadi ya miaka ya 1900, inaweza kumfanya mtafiti aone uhuru mahali ambapo bado palikuwa na utumwa.

Wakati mwingine picha yenyewe hutusaidia. Beit al-Ajaib ilijengwa mwaka 1883, na mnara wake wa mwanzo ulisimama mbali na jumba, mbele yake. Mnara huo uliharibiwa katika mashambulizi ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896, na katika matengenezo yaliyofuata ndipo mnara wa saa ulipounganishwa na uso wa jumba. Kwa hiyo picha inayouonyesha mnara ukiwa umeshikana na jumba haiwezi kuwa ya miaka ya 1880, hata kama aliyeipakia ameandika hivyo. Jambo hili lilizidi uzito tangu sehemu ya jumba hilo ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Anayetaka kujua jengo lilivyokuwa katika kila kipindi anahitaji picha zenye tarehe za kuaminika. Lakini si kila picha ina mnara wa kuitolea ushahidi. Uso wa mtu hauna saa.

Wasanii waliofutwa

Tatizo haliishii katika mambo ya kale. Huko Mkunazini, penye kanisa kuu la Kianglikana lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873, kuna sanamu za watu watano waliosimama shimoni, wakiwa na minyororo shingoni. Ni kazi ya mchongaji wa Kiswidi, Clara Sörnäs, na ilikamilika mwaka 1998. Hata hivyo, picha za sanamu hizo husambazwa bila jina lake na bila mwaka. Mtazamaji asiyeambiwa anaweza kudhani kwamba anaona masalio ya soko lenyewe, kumbe anaona fikra za msanii wa mwisho wa karne ya 20 kuhusu soko hilo. Fikra hizo zina thamani yake, nazo zastahili kujadiliwa na kuhakikiwa. Haziwezi kuhakikiwa pale ambapo hakuna anayejua kwamba zina mwenyewe.

Vivyo hivyo kwa picha za Tingatinga zinazoanikwa madukani katika mtaa wa Gizenga. Edward Saidi Tingatinga alianzisha mtindo huo Dar es Salaam na akafariki mwaka 1972. Wanaoziandaa picha tunazoziona leo ni watu wengine, wengi wao wapo hai, na kwa kawaida hutia majina yao pembeni mwa kazi. Mpita njia huipiga picha kazi hiyo, akaikata kingo ili ikae vizuri, akaipakia kwa jina la "Tingatinga, Zanzibar." Kwa mkato huo mmoja mchoraji amepotea. Watunzi wetu wa tenzi walikuwa na ada ya kujitaja katika beti za mwisho. Je, tungemwitaje mhariri anayezikata beti hizo ili utenzi ukae vizuri kwenye ukurasa? Sheria nazo zipo: Tanzania Bara ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na Zanzibar ina yake ya mwaka 2003. Lakini adabu ya kumtaja mwenye kazi ilikuwapo kabla ya sheria hizo.

Mfano ulio mzito kuliko yote ni ule wa Januari 1964. Baadhi ya picha zinazosambazwa kuhusu Mapinduzi ni vipande vya filamu ya Waitaliano Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi iliyotoka mwaka 1966, filamu ambayo ukweli wa baadhi ya mandhari yake na nia ya watengenezaji wake vimebishaniwa tangu siku hizo. Sisemi kwamba picha hizo zitupwe, wala sisemi kwamba zichukuliwe zilivyo. Nasema kwamba jamii ambayo bado inabeba majeraha ya mwaka ule ina haki ya kujua nani alishika kamera, na kwa ajili ya watazamaji gani.

Pingamizi

Wapo watakaosema kwamba masharti haya yatazifunga picha zilizofunguliwa kwa taabu. Pingamizi hili lina uzito. Mkusanyo wa Winterton, wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki za kuanzia 1860 hadi 1960, umehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani. Mwanafunzi wa Unguja asiye na nauli ya kwenda huko angeuona vipi kama si kwa njia ya mtandao? Lakini mkusanyo huo wenyewe ndio jibu. Umewekwa wazi, na umewekwa pamoja na maelezo ya kila picha. Anayeinakili picha na kuyaacha maelezo hajaifungua hazina. Ameondoka na kito na kuacha hati yake.

Wengine watauliza kwa nini tuwaenzi wapigapicha waliowauza mama zetu kwenye kadi. Kumtaja mtu si kumwenzi. Asiyetajwa hawezi kusifiwa, na wala hawezi kulaumiwa.

Wengine tena watasema kwamba picha nyingi za Unguja zimo katika albamu za majumbani na hazina maandishi yoyote. Ni kweli. Lakini maelezo ya bibi anayesema "huyu ni shangazi yangu, na hii ilipigwa siku ya arusi yake, Malindi" ni chanzo, nayo yaandikwe pamoja na jina la msemaji, ikiwa ameridhia, na siku aliyosema. Sisi tuliojifunza kukusanya fasihi simulizi tunaijua kazi hiyo.

Hitimisho

Ninapendekeza kwamba idara zetu na wahariri wa majarida yetu wadai mambo matano kwa kila picha: aliyeitengeneza, wakati, pamoja na sababu ya kuukadiria hivyo, mahali, ilipo nakala ya asili na namba yake, iwe Nyaraka za Taifa huko Kilimani au kwingineko, na njia iliyopitia hadi kumfikia mwandishi. Maelezo yaliyochapwa zamani yatengwe na dhana za aliyeipakia. Pasipojulikana jambo, paandikwe "haijulikani". Neno hilo si aibu kwa mtafiti, kwa kuwa humwambia anayefuata aanzie wapi.

Mwandishi wa makala haya naye hana la kujitetea. Kwa miaka kadhaa aliwaonyesha wanafunzi picha ya mtaa wa Shangani bila kujua ilipigwa na nani, hadi mmoja wao alipouliza. Jibu halikuwapo. Swali lile lilipaswa kutoka kwa mwalimu.