Mbwa wa Tobia na Safari ya Ndege



Katika Kitabu cha Tobiti twasoma kwamba kijana Tobia alipofunga safari pamoja na malaika Rafaeli, mbwa wake alifuatana nao. Hakuulizwa cheti wala nauli. Siku hizi mambo ni mengine. Mwanafunzi mmoja wa hapa Likasi aliniuliza: “Mwalimu, baada ya miezi miwili twahamia Ubelgiji kwa baba. Je, mbwa wetu Simba atapanda ndege pamoja nasi?”

Nilimjibu kwamba sheria ya nchi waendayo hutangulia tiketi. Nchi za Ulaya zajikinga na kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zake zikishamtokea mtu, ni nadra sana apone. Kwa hiyo mbwa atokaye Kongo hupita hatua nne kwa kufuatana. Kwanza, hutiwa chini ya ngozi chipu ndogo yenye namba yake. Pili, huchanjwe akiwa ametimiza majuma 12 au zaidi. Tatu, zikipita angalau siku 30, hutolewa damu, ikapimwe katika maabara iliyokubaliwa na Umoja wa Ulaya. Nne, damu ikionekana njema, hungoja miezi 3 tangu siku aliyotolewa. Kisha huandikiwa cheti na daktari wa wanyama wa serikali. Hesabuni wenyewe: ni miezi minne, na mtoto yule alikuwa na miwili tu.

Tena kuna gharama. Mashirika mengi ya ndege hupokea pamoja na abiria mnyama mdogo tu, mara nyingi asiyezidi kilo 8 pamoja na mfuko wake. Mkubwa husafiri penye mizigo, ndani ya kizimba imara ambamo aweza kusimama, kugeuka na kulala. Chanjo, maabara, kizimba, nauli: kila kimoja chataka fedha. Naye ajaribuye kupenya bila karatasi za haki, mnyama wake aweza kurudishwa, kutengwa, hata kuuawa, na gharama humwangukia mwenyewe.

Mtoto alilia, wala sikumcheka. Katekisimu ya Kanisa yatufundisha mambo mawili: wanyama ni viumbe vya Mungu, nasi twapaswa kuwatendea wema, lakini si haki kuwatumilia fedha ambayo yapasa kwanza kuondoa taabu ya wanadamu. Je, bibi akikosa dawa nyumbani, nauli ya mbwa itatuletea amani gani?

Nilimshauri Simba abaki kwa babu yake, ila achanjwe kabla ya kuagana. Chanjo hiyo si ya wasafiri tu. Yawalinda watoto wa mtaa mzima. Na mbwa akimwuma mtu, osheni jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha mkimbilieni mganga wa hospitali siku ile ile.

Wazazi, mkitaka kusafiri na mnyama, anzeni mapema. Na mkimwacha, msimwache njiani: mkabidhini mtu mwema.

Mungu awabariki.