Mtindi hauongezi damu

Mtindi, yaani maziwa yaliyogandishwa na bakteria wanaogeuza sukari ya maziwa kuwa asidi ya laktiki, ambao Wakenya huuita maziwa lala na Wakalenjin huuhifadhi kibuyuni kwa jina la mursik, ni chakula chenye protini na kalsiamu ya kujenga mifupa, tena huwafaa watu wengi ambao maziwa yasiyoganda huwavuruga tumbo. Sifa hizo zote ni za haki, ila hakuna hata moja inayohusu damu.

Wekundu wa damu hutokana na himoglobini, protini inayobeba oksijeni, nayo haiundwi bila madini ya chuma. Msichana aliyevunja ungo huyahitaji zaidi kwa kuwa mwili wake unakua na wakati huohuo hupoteza damu kila mwezi, ndiyo maana wataalamu wa lishe wa Marekani humpangia miligramu 15 kwa siku akiwa na miaka 14 hadi 18, huku mvulana wa umri huo akipangiwa 11. Lita nzima ya maziwa ya ng'ombe haina hata miligramu 1.

Kuganda hakubadili hesabu hiyo, kwa sababu bakteria hawaumbi madini, wala hawaondoi kalsiamu, ambayo ikikutana na chuma katika mlo mmoja huzuia kisifyonzwe vizuri. Kwa binti ambaye mlo wake ni ugali, maharage na mchicha, vyakula ambavyo chuma chake hufyonzwa kwa shida tangu mwanzo, bakuli la mtindi pembeni ya sahani humpunguzia hata kile kidogo alichokipata. Na chai ya maziwa haina nafuu, kwani huongeza tanini, kizuizi kingine cha chuma, juu ya kalsiamu. Ni kweli kwamba athari hiyo hupungua kwa mtu anayekula vyakula vya aina nyingi, lakini binti wa familia maskini mara nyingi hana sahani ya pili ya kufidia ya kwanza.

Uchachushaji wenyewe una msaada mkubwa zaidi kwenye nafaka. Katika togwa, ambayo ni uji uliotiwa kimea na kuachwa uchachuke, vimeng'enya vya kimea, vikisaidiwa na asidi, huvunja faiteti, kemikali ya nafaka inayokishika chuma kisiufikie mwili. Wazee waliijua togwa kabla ya maabara, na ni hasara kwamba soda imeipokonya nafasi yake.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa 2015 na 2016 ulikuta upungufu wa damu kwa wanawake 45 kati ya kila 100 wenye miaka 15 hadi 49. Malaria na minyoo ya safura wana sehemu yao katika idadi hiyo, kwa hiyo chakula peke yake hakitoshi, na Shirika la Afya Duniani limependekeza tangu 2011 vidonge vya chuma na asidi ya foliki kila wiki kwa wasichana walio katika hedhi, mahali ambapo tatizo hili limeenea.

Safu hii inawaomba wazazi na wapishi wa shule wausogeze mtindi hadi saa kumi jioni, mbali na mlo mkuu, na sahani ya mchana waiongezee dagaa na maji ya limau, ambayo husaidia chuma kufyonzwa. Binti anayechoka bila sababu apelekwe zahanati akapimwe damu.