Kipimo kiangalie na njia mutoto ametembea



Mingi kati yetu tuko na jamaa mu Marekani. Watoto wao wanaingia ku masomo na Kiswahili mu kinywa, Kingereza bado. Mutoto anajua hesabu, lakini anaanguka mu ekzame ya hesabu juu hasikii swali. Hapo nani ameshindwa: mutoto, ao masomo?

Kule walibishana juu ya ile neno miaka mingi. Mwaka 1974 Tribinali Kubwa ya Marekani ilikata kesi ya watoto Wachina wa San Francisco: kumupa mutoto kitabu na mwalimu sawa na wengine haitoshi, kama hasikii luga ya kufundishia. Kisha sharia yenye ilitiwa mukono mwaka 2002 iliomba kila mutoto afikie kipimo cha kusoma na cha hesabu mbele ya 2014. Masomo yenye kupokea wageni wapya yakaonekana mabaya, hata kama walimu walichapa kazi.

Sharia ya Desemba 2015 ilileta neno ingine. Kila mwaka mwanafunzi anapimwa Kingereza: kusikia, kusema, kusoma, kuandika. Wanaangalia alitoka wapi na amefika wapi. Ile mwendo inaingia mu hesabu ya kuhukumu masomo yenyewe.

Sisi watu wa mugodi tunasikia ile mara moja. Ukihesabu paka tani za shaba, ekipi yenye kuondoa udongo juu ya shimo mupya itaonekana ya wavivu. Wale wa shimo ya zamani njo watapata primu. Kumbe jasho iko wapi?

Lakini kipimo peke yake hakifundishi. Kusema na wenzake mu kiwanja, mutoto anajua mbio. Kingereza cha vitabu, watafiti wa kule wanaona inaomba miaka 4 mpaka 7. Masomo yenye kuogopa pointi mbaya yanaweza kumutosha mutoto mu musaada mbele ya wakati.

Na kwetu? Mu Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, watoto wetu mingi wanaongea Kiswahili ku nyumba. Sharia ya 11 Februari 2014 inakubali luga za inchi zitumike mu kufundisha. Hata vile, mwisho wa mwaka wa sita mutoto anaandika ekzame mu Kifaransa, na sisi tunaangalia paka kama amepita ao ameanguka. Njia yenye alitembea, hakuna mwenye kuihesabu.

Kwa hiyo tuombe mambo tatu ku komite ya wazazi. Moja: Kifaransa cha kila mutoto kipimwe mwanzo na mwisho wa mwaka, na hesabu aulizwe pia mu Kiswahili. Mbili: wazazi waonyeshwe mwendo wa kila klasi, bila kutangaza majina ya watoto. Tatu: klasi yenye kubaki nyuma ipate vitabu na walimu, si azabu. Kode ya madini ya 2018 inaomba kampani zikate 0,3% ya mauzo kwa maendeleo ya vijiji na mitaa ya karibu. Vitabu viandikwe humo.

Mu mugodi hatukubali mizani yenye hatuione. Ku masomo ya watoto wetu pia, tusikubali.