Kitu kidogo tusikizarau

Wandugu wanafunzi, wengine kati yetu wanasema nanoteknolojia ni mambo ya Wazungu. Mimi nakataa. Nanometa ni meta moja iliyogawanywa vipande miliari moja. Unywele wa kichwa uko karibu nanometa 80.000 kwa upana. Kwa udogo ule vitu vinageuza tabia: hata zahabu, katika maji inaonekana nyekundu. Bwana Askwar Hilonga wa Arusha, Tanzania, alitumia vitu vya namna ile pamoja na mchanga kwa kusafisha maji ya kunywa, akapata zawadi kubwa mwaka 2015. Na sisi? Tunakariri chimie juu ya mitihani tu, na wadogo wetu wanaharisha juu ya maji ya kisima. Bwana mwalimu, somo moja tulifanyie kule kisimani! Mpaka siku ile, wandugu, tuchemshe maji.