Mandhari Hailiwi

Robo kuku na chipsi, shilingi 28,000. Maji ya nusu lita, ambayo dukani kwa Mangi ni 500, hapa 3,000. Juisi ya embe, tena msimu ambao embe zinaozea barabarani, 9,000. Mkiwa wawili na kila mmoja akachukua hivyo vitatu, imeshafika 80,000. Halafu unageuza menyu na kukuta chini kabisa, kwa herufi za kusomea miwani, kwamba bei hazijajumuisha kodi. Ongeza VAT ya asilimia 18, inakuwa 94,400. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma, kile kilichopandishwa Julai 2025, ni 500,000 kabla ya makato. Karibu sehemu moja ya tano ya mwezi wa mtu imekwenda kwa robo mbili za kuku, na kuku wenyewe ndani bado wana damu.

Tuambiane ukweli. Migahawa mingi ya Dar es Salaam inayojiita ya kisasa, kuanzia Masaki hadi Mikocheni na sasa mpaka Sinza na Goba, inatutoza kila kitu isipokuwa mapishi. Tunatozwa ukuta wa maua ya plastiki, bembea ya kupigia picha, taa zenye maneno ya Kiingereza, na muziki unaotulazimisha kuongea kwa ishara. Jikoni kuna kijana mmoja na friza.

Sina ugomvi na ghali. Biriani ya 15,000 iliyopikwa na mtu anayejua kukaanga kitunguu mpaka kikaiva rangi, nyama imelala kwenye viungo tangu jana yake, ni halali yake na nitairudia. Nina ugomvi na ghali isiyopikwa. Hii ni nchi inayovuna mchele wa Kyela na Mbarali, mchele ambao ukichemka tu jirani anajua leo kwenu kuna wali. Inakuwaje mgahawa ukuletee wali uliolala, umepashwa moto, punje zimekakamaa, kisha ukuandikie 7,000 kwa kibakuli? Malori ya viazi kutoka Njombe yanaingia mjini kila siku, lakini chipsi unazoletewa zimetoka kwenye mfuko wa barafu uliosafiri kwa meli. Na samaki! Samaki ana safu yake ya pekee kwenye menyu: bei kulingana na saizi. Saizi ipi, hakuna anayekuonyesha. Hakuna mzani. Analetwa ameshakaangwa mpaka mifupa imekuwa biskuti, ndipo unaambiwa alikuwa wa 45,000. Soko la Feri liko pale pale Magogoni, na pale hakuna anayekubali kununua samaki bila kumwona macho na mashavu.

Wenye migahawa wana majibu yao, na ninayajua. Watasema kodi ya pango upande wa Masaki inatisha. Kweli inatisha. Walikuwa wakisema wanalipa kwa dola, basi bei lazima ifuate dola. Kanuni za Machi 2025 zilipiga marufuku kutoza bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Walikuwa wakisema jenereta, na wakati wa mgao wa umeme wa 2023 walikuwa na haki ya kulalamika. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere uliwashwa, mradi wa megawati 2,115, na mgao ule ukaondoka. Menyu iliyoshushwa bei kwa sababu jenereta imelala, mimi sijaiona. Sababu ya kupandisha bei huwa inapita, bei inabaki.

Sasa mtazame mama lishe. Sahani yake ya 3,000 ina wali, maharage ya nazi, mchicha, kachumbari, kipande cha samaki, na siku nyingine kipande cha tikiti juu yake. Anapika kwa mkaa ambao bei yake haimhurumii, na mgambo wa jiji anaweza kumfikia wakati wowote. Kwa nini chakula chake kina ladha? Msiniambie ni mapenzi ya mama. Ni hesabu. Wateja wake ni wale wale: fundi wa gereji, karani, dereva wa bodaboda, mwalimu. Leo akizidisha chumvi, kesho wako kwenye benchi la jirani, hatua kumi tu. Anahukumiwa kila mchana saa saba na hukumu inatekelezwa siku ya pili.

Mgahawa wa bembea hauna hakimu huyo. Biashara yake imejengwa juu ya mteja wa mara moja, yule aliyeona picha kwenye simu, akaja na shoga zake kusherehekea siku ya kuzaliwa, akapiga picha zake arobaini, akaondoka. Asiporudi hakuna hasara, kwa sababu picha zake zimeshawaita wengine. Kuna na wale wa mtandaoni wanaoalikwa kula bure na kuapa mbele ya kamera kwamba hawajawahi kuonja kitu kama hiki. Nawaamini: cha bure kina ladha yake. Katika mpango huo, kumlipa vizuri mpishi ni gharama, na kubadilisha maua ya plastiki ni uwekezaji.

Lakini lawama nzima siwezi kuwatwisha wao. Sisi je? Mtu yule yule anayekwenda Kariakoo, akalivuta shati la 15,000 mishono, akaligeuza nje ndani, akabishana nusu saa apunguziwe elfu mbili, huyo huyo akikaa kwenye kiti cha mgahawa anakuwa mpole kama mgeni wa ukweni. Menyu ina kurasa kumi na mbili; kila anachotaja anaambiwa leo hakipo; anacheka na kuagiza chipsi kuku. Anasubiri saa nzima na zaidi. Kuku anakuja mbichi. Mhudumu anauliza, chakula kikoje? Anajibu, kizuri, asante. Kizuri! Tunaogopa kuitwa bahili, tunaogopa kuonekana washamba, na aliyekuja na mchumba ndiyo kabisa, afadhali aumwe tumbo kuliko kuuliza bei ya samaki. Aibu hiyo ndiyo mtaji wao mkubwa kuliko jiko.

Mhudumu mwacheni, hana kosa. Mara nyingi bakshishi yako ndiyo nauli yake ya kurudi Mbagala. Ila kuna mchezo mmoja ambao mabosi wake wanamtuma kuucheza, nao unanichefua kuliko kuku mbichi. Unaletewa karatasi yenye jumla, na asilimia 18 imeandikwa vizuri kabisa. Unalipa. Unaomba risiti. Unaambiwa risiti ndiyo hiyo hiyo. Siyo! Hiyo ni bili. Risiti inatoka kwenye mashine ya EFD, mashine ambazo nchi hii imekuwa nazo tangu 2010, na sheria inambana hata mnunuzi asiyedai. Wengine wanakwenda mbali zaidi: Lipa Namba imebandikwa ukutani, lakini unaombwa utume kwenye namba ya mtu binafsi, eti mtandao unasumbua. Ukinitoza kodi ya serikali na risiti ya serikali hunipi, basi kodi hiyo umejitoza mwenyewe ukaweka mfukoni. Hiyo haina jina la adabu.

Wapo wanaofanya kazi yao, na hawahitaji bembea. Usiku pembeni ya Morogoro Road, kwenye kona ya mtaa wa Libya, Mamboz wanachoma kuku juu ya majiko yaliyopangwa nje, viti ni vya plastiki, moshi unakuingia kwenye nguo, na watu wanajaa. Coco Beach mihogo na pilipili yake haijawahi kuhitaji taa ya maneno. Forodhani ya Zanzibar nako unachagua mwenyewe mshikaki wako, unauliza bei, na ukiona unapigwa unahamia meza ya pili.

Kwa hiyo mwisho huu wa mwezi, mshahara ukiingia, fanya haya. Mahali usipopajua agiza kitu rahisi kwanza: wali mweupe, mchuzi, kachumbari. Jiko lililoshindwa na wali halitaweza pweza wa nazi. Pita chooni kabla hujaagiza, utajua mengi kuhusu jikoni. Samaki mwone akiwa mbichi na bei yake ukubaliane nayo kabla hajaingia kwenye mafuta. Chakula kibaya kirudishe, kwa heshima, kwa sauti inayosikika meza ya jirani. Na ukishalipa, kaa hapo hapo. Usinyanyuke mpaka risiti ya EFD iwe mkononi mwako.